Mapanga, mashoka na neno moja: Simama!

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Jumamosi jioni pale kwa kinyozi, hatua chache kutoka Soko la Majengo, hakuna aliyekuwa anaangalia tena mpira kwenye runinga. Vichwa vyote vilikuwa vimeinamia simu moja. Kwenye simu kulikuwa na majamaa kumi ndani ya uzio wa mbao, wamevaa chuma kuanzia utosini hadi miguuni, wanatwangana kwa mashoka na marungu kama watu waliodaiana kodi ya nyumba.

"Hayo maigizo bana, filamu hiyo," akasema mmoja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imeshanyolewa.

"Filamu gani? Sikiliza hiyo kofia inavyolia. Kama mtu anagonga sufuria la pilau!"

Kicheko. Kila mtu akawa na lake. Mmoja akasema hao Wazungu wamekosa kazi, mwingine akataka kujua vazi lile likiuzwa kama chuma chakavu litatoa kilo ngapi.

Kijana mmoja hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, jicho la kushoto limevimba. Huyu hufanya mazoezi ya ngumi jioni na wenzake mtaani. Aliiangalia ile simu kwa makini, kisha akauliza: "Sasa anko, refa wao yuko wapi?"

Katika maneno yote yaliyosemwa jioni ile, hilo ndilo lililokuwa swali la mwanamichezo. Nikamwambia arudishe video nyuma, aache kuwatazama wapiganaji na awahesabu watu waliosimama bila silaha ndani na pembeni ya uzio. Akahesabu. Refa hakuwa mmoja.

Makala haya ni jibu langu refu kwa yule kijana.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Watu wanaopigana kwa mavazi ya askari wa Ulaya ya Zama za Kati wako wa aina mbili kubwa, na kanuni zao hazifanani.

Aina ya kwanza ilianzia Marekani. Mei 1, 1966, kundi la marafiki katika mji wa Berkeley, California, lilifanya mashindano ya upanga na ngao uani kwa mwenzao. Walikuwa wanajifurahisha tu, lakini kutokana na siku hiyo kikazaliwa chama kinachoitwa Society for Creative Anachronism, maarufu kwa kifupi SCA, ambacho leo kina wanachama katika nchi nyingi. Hawa wanavaa deraya za kweli, lakini upanga wao si wa chuma. Ni fimbo nene ya henzerani, ile ile jamii ya bakora ambayo waliosoma zamani wanaikumbuka vizuri kwenye makalio yao.

Aina ya pili inaitwa buhurt, na hiyo ndiyo tuliyoiona kwenye simu. Hapa silaha ni za chuma. Mwaka 2010 timu za Urusi, Ukraine, Belarus na Poland zilikutana kwenye ngome ya Khotyn, Ukraine, katika mashindano yaliyoitwa Battle of the Nations. Baada ya hapo mchezo ukasambaa. Mwaka 2013 mashindano hayo yalipigwa chini ya kuta za mji wa kale wa Aigues-Mortes, Ufaransa, na mwaka 2014 shirikisho jingine, IMCF, likafanya mashindano yake ya dunia kwenye ngome ya Belmonte, Hispania.

Pambano maarufu ni la watu watano kwa watano. Hakuna pointi za kuhesabu ngumi. Ukiangushwa, umetoka. Na kuanguka kuna tafsiri yake: ukigusa ardhi kwa kitu chochote zaidi ya nyayo zako mbili, iwe goti, mkono au makalio, kazi yako imekwisha mpaka raundi inayofuata. Timu itakayobaki na watu waliosimama ndiyo mshindi wa raundi.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni vurugu tupu. Ngoja tuingie jikoni.

KWANZA UKAGULIWE

Mpiganaji haingii uwanjani kwa sababu ana moyo wa simba. Anaingia kwa sababu amekaguliwa.

Kwa wale wa henzerani, mpiganaji mpya hujifunza kwanza, kisha hupimwa na wasimamizi. Wanamuuliza kanuni, wanamtazama akipigana, wanaangalia kama ana hasira za karibu. Akifaulu ndipo anapewa idhini ya kushindana. Hata aliyezoea miaka kumi hukaguliwa vazi lake kila mashindano kabla hajagusa upanga.

Na ukaguzi si wa macho tu, una vipimo. Kofia ya chuma iwe na unene wa takriban milimita 1.6. Nyavu ya usoni isiwe na nafasi ya kupitisha kitu kipana zaidi ya inchi moja. Ndani ya kofia kuwe na sponji au pamba ya kutosha, maana chuma kikigusa fuvu moja kwa moja, pigo lote linaingia kichwani. Kofia ifungwe kwa mkanda wa kidevu ili isivuke. Shingo ifunikwe, na figo, sehemu za siri, viwiko, magoti na mikono vikingwe. Fimbo yenyewe iwe na kipenyo cha si chini ya inchi moja na robo, isiwe na ncha wala mchanuko wa kuchoma mtu.

Kwa wale wa chuma, ukali ni marufuku. Makali ya upanga au shoka yawe butu, unene wake usipungue milimita 2, na ncha iwe ya mviringo. Deraya nzima inaweza kufika kilo 25 na zaidi. Jaribu kubeba ndoo ya maji ya lita 20 mgongoni, kisha upigane.

Msimamizi akikuta mkanda umekatika, unaenda kuushona. Akikuta pengo shingoni, hupigani leo. Haijalishi umesafiri kutoka nchi gani, wala mashabiki wako wamelipa shilingi ngapi.

Hapo nikamkumbuka bondia wetu Hassan Mwakinyo. Septemba 2018 alikwenda Birmingham, Uingereza, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, na nchi nzima ikalipuka kwa furaha. Septemba 2022 akaenda Liverpool kupigana na Liam Smith, pambano likaishia raundi ya nne kwa kuumia mguu. Baadaye alieleza kuwa mizigo yake ilichelewa na viatu alivyovaa vilimbana. Vijiweni watu walimcheka sana. "Viatu!" Kila aliyepoteza hata droo ya bao alisema ni viatu.

Lakini mwulize mtu anayepigana ndani ya deraya. Hatacheka. Kwake kamba moja ya kofia ni kama breki ya gari.

MAHALI PASIPOPIGWA

Kanuni ya pili ni ramani ya mwili.

Kwenye mapambano ya timu ya buhurt, kuchoma kwa ncha ni mwiko popote pale mwilini. Upanga unakata hewani na kugonga tu, kwa sababu ncha ndiyo inayotafuta tundu la jicho na pengo la kwapa. Hairuhusiwi kupiga kisogo na nyuma ya shingo, nyuma ya goti, sehemu za siri wala nyayo. Hairuhusiwi kumkaba mtu roho wala kumpinda kiungo kinyume na kinavyojikunja. Na aliyekwisha anguka haguswi.

Mieleka inaruhusiwa. Unaweza kumkumbatia mtu, ukamsukuma kwenye uzio, ukampiga kwa ngao, ukamrusha chini. Ila ukishamrusha, muache.

Wale wa henzerani wana masharti makali zaidi upande huo. Kushikana mwili na kupiga mtama ni marufuku. Kuanzia goti kwenda chini hakupigwi, ndiyo maana utaona magoti yamefunikwa vizuri lakini hakuna anayeyalenga.

Anayevunja hupewa onyo, kadi au kutolewa. Anayerudia hufungiwa. Kwenye buhurt kuna kadi ya njano na nyekundu kama kwenye soka. Tofauti ni kwamba mwenye kadi nyekundu hapa alikuwa ameshika shoka, kwa hiyo hakuna anayemzonga refa kumuuliza ameona nini.

MFALME ALIYESEMA "MOJA YA MWISHO"

Ukiona kanuni inakera, ujue kuna mtu aliumia ndipo ikaandikwa. Katika mchezo huu, mtu huyo maarufu kuliko wote alikuwa mfalme.

Juni 30, 1559, jijini Paris, Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alikuwa anashindana kwa farasi na mkuki, mchezo uliopendwa na wakubwa wa enzi hizo. Kulikuwa na sherehe za ndoa za kifalme na mkataba wa amani. Jua lilikuwa kali, mfalme alikuwa amekwishapigana mara kadhaa, na watu wake walimsihi apumzike. Yeye akataka kurudiana na kapteni wa walinzi wake, Gabriel de Montgomery. Moja tu ya mwisho.

Mkuki wa Montgomery ukavunjika kwenye deraya ya mfalme. Vibanzi vya mti vikaruka na kupenya kwenye nafasi ya macho ya kofia yake. Waliitwa matabibu bora wa wakati huo, akiwemo Ambroise Paré wa Ufaransa na Andreas Vesalius aliyetumwa kutoka Brussels. Haikusaidia. Julai 10 mfalme alifariki.

Angalia vizuri kisa hiki. Vazi lilikuwa bora kuliko yote Ufaransa, na mpinzani hakuwa adui, alikuwa mlinzi wake mwenyewe. Madaktari walikuwa wakubwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumwambia mfalme: "Basi. Shuka kwenye farasi."

Na hapo ndipo tunafika kwenye kanuni ambayo mimi, nikiulizwa, ningeitoa Ulaya na Marekani nikaileta Majengo kesho asubuhi.

NENO SIMAMA

Kwa wapiganaji wa henzerani kuna neno moja, "Hold!", yaani Simama. Likitamkwa, kila mtu uwanjani anaacha alichokuwa anafanya papo hapo. Aliyeinua upanga haushushi kwa mwenzake. Aliyekuwa anakimbia anasimama. Wengi hupiga goti moja kabisa ili ionekane wamesikia.

Sasa sikia utamu wake: neno hilo si mali ya refa peke yake. Anaweza kulitamka mpiganaji mwenyewe, mpinzani wake, msimamizi, au hata mtazamaji. Umeona kofia ya mtu imelegea? Sema. Umeona mtoto anakimbilia uwanjani? Sema. Umeona mtu anayumba kwa namna isiyo ya kawaida? Piga kelele. Unasimamisha kwanza, maswali baadaye. Na mtu aliyesimamisha bure kwa nia njema hachekwi.

Fikiria mapambano makubwa ambako mamia ya watu wako uwanjani, vumbi limetanda kama la Dodoma mwezi wa nane, halafu sauti moja inaita na mamia wanatulia. Hiyo nidhamu haitoki mbinguni. Inafundishwa siku ya kwanza, kabla hata mtu hajafundishwa kukinga kichwa.

Kanuni nyingine inayokwenda sambamba na hiyo ni ya heshima. Kwa watu wa henzerani, refa haamui kama pigo limeingia. Anayeamua ni aliyepigwa. Ukipigwa mkono kisawasawa, unaurudisha nyuma na kuendelea kwa mkono mmoja. Ukipigwa mguu, unapigana ukiwa umepiga magoti. Ukipigwa kichwani au kifuani kwa nguvu ya kutosha, unaanguka mwenyewe na kumpa mwenzako ushindi.

Kuna wanaodanganya? Wapo, binadamu ni binadamu. Lakini wana jina lao: wanaambiwa wana ngozi ya kifaru. Na jina hilo ni aibu kuliko kushindwa. Linganisha na soka yetu, ambako mtu anapulizwa na upepo tu, anajiviringisha mara saba akidai penalti.

Hiyo kanuni inaonekana ya kitoto, ila ina kazi kubwa ya usalama. Mtu anapokubali pigo mapema, mwenzake hana sababu ya kuongeza nguvu. Anayejifanya hajasikia ndiye anayesababisha la pili lije zito zaidi, na la tatu liwe la hatari.

MBONA HATA KWETU YAPO

Msije mkasema haya ni mambo ya Wazungu. Pwani yetu ina michezo ya kupigana yenye adabu zake tangu zamani.

Nenda Makunduchi, Unguja, mwezi Julai wakati wa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji wanakutana uwanjani na kucharazana kwa magomba. Mtu anatoa la moyoni, anamalizana na jirani aliyemkera mwaka mzima. Lakini silaha ni gomba, kitu kinacholia sana na kuumiza kidogo. Wanawake wanapita wakiimba, kibanda cha makuti kinachomwa, na baada ya hapo watu wanakwenda kula. Ugomvi una mahali pake, silaha yake, na mwisho wake. Aliyepigwa leo hasubiriwi kichochoroni kesho.

Nenda Lamu ukaone kirumbizi. Ngoma na zumari zinalia, wawili wanaingia duarani na fimbo, mmoja anarusha na mwingine anakinga. Uhodari unaosifiwa pale ni wa mtu kujua kurusha na kujua kujizuia, fimbo ikasimama kabla ya kuharibu sherehe.

Na sisi tuliochunga mbuzi huku bara tunajua. Tulipocheza fimbo porini, usoni hapakupigwa. Aliyepiga uso alirudi nyumbani peke yake, na kesho hakuna aliyemwita kucheza. Hakuna aliyetuandikia kanuni hiyo, lakini wote tuliijua kwa moyo.

KOFIA SI UCHAWI

Hapa lazima niwe mkweli, maana kijana wa pale kwa kinyozi alishaanza kuniambia: "Basi anko dawa ni kofia. Tukipata zile kofia za ngumi tumemaliza."

Hapana. Kofia, iwe ya chuma au ya ngozi, inazuia kupasuka na kuvunjika. Haizuii ubongo kutikisika. Ubongo unaelea ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Tikisa yai kwa nguvu. Ganda linaweza kubaki zima huku ndani mambo yameharibika. Wapiganaji wa chuma hupata mtikisiko wa ubongo pamoja na deraya zao zote, na ndiyo maana mashindano yao huwa na watu wa huduma ya kwanza karibu na uzio. Hata ngumi za ridhaa za kimataifa kwa wanaume ziliondoa kofia mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipigana bila kofia.

Kwa hiyo kinachookoa ubongo ni mtu kusimamisha mapema, na kupumzika baada ya kuumia. Kanuni za ngumi za ridhaa zimekuwa zikimtaka bondia aliyepigwa KO ya kichwa akae nje angalau siku 30, na akirudia kupigwa, muda unaongezeka. Sababu yake ni rahisi: ubongo ambao haujapona, ukipigwa tena hata kidogo, unaweza kuvimba na kumuua mtu.

Mwishoni mwa Desemba 2024 tulimpoteza bondia Hassan Mgaya, aliyefariki baada ya kupigwa KO katika pambano jijini Dar es Salaam. Sisemi nani alikosea. Ninachosema ni kwamba msiba ule ulitukumbusha jambo ambalo huwa tunalisahau kengele ikilia: huu mchezo unaweza kuondoka na mtu.

Na pale palikuwa na ukumbi, refa, na mashabiki waliokata tiketi. Ngumi za kulipwa nchini zina kamisheni yake, TPBRC, na michezo yote ina Baraza la Michezo la Taifa. Sasa jiulize kuhusu mazoezi ya jioni mtaani, ambako hakuna kamera wala daktari, na refa ni yule anayesubiri zamu yake ya kupigana.

YALIYONIKUTA

Nina sababu ya kuyasema haya. Miaka hiyo nikiwa kijana, nilikuwa naingia kwenye klabu moja ya ngumi, jina lake nitaliacha. Siku moja nilipangiwa jamaa aliyenizidi kilo kama kumi na tano hivi. Kinga ya meno ilikuwa moja, tunaazimana, na siku hiyo alikuwa nayo yeye.

Raundi ya pili nikala ngumi ya sikio. Sikuanguka. Niliona tu taa zimekuwa nyingi. Nikainua mkono kuomba nipumzike, watu wakacheka. "Wewe mwanamume gani? Endelea!" Nikaendelea. Nikala nyingine mbili.

Nilitoka pale nikafika sokoni, nikasimama kama nusu saa nzima najaribu kukumbuka baiskeli yangu nimeifunga wapi. Kichwa kiliniuma siku tatu, nikatapika usiku, na sikumwambia mtu. Mama aliambiwa ni malaria. Niliporudi klabuni wiki iliyofuata, hakuna aliyeniuliza, na mimi nilijiona shujaa.

Leo najua nilikuwa na bahati, sikuwa shujaa. Kichwa kuuma kusikoisha, kutapika, kusahau, macho kuona mawili, usingizi mzito usio wa kawaida, kuyumba: hizo ni dalili za kupelekwa hospitali usiku huo huo. Maji ya baridi kichwani na "atakuwa sawa tu" si matibabu.

Mle klabuni tulikuwa kama watu kumi na wawili siku ile. Wote kumi na wawili waliniona nimeinua mkono. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kwamba ana haki ya kusema simama.

MAJENGO INAWEZA KUANZA NA NINI?

Hatuna haja ya deraya. Kwanza kwa jua letu la Oktoba, ukimvalisha mtu kilo 25 za chuma pale uwanja wa Jamhuri, utamtoa ameiva. Hata huko kwao joto ni adui. Maji na kivuli ni sehemu ya maandalizi, na mtu anayeacha kutoka jasho huku akiongea ovyo hutolewa nje haraka.

Tunachoweza kuchukua ni adabu, na nyingi hazina bei.

Moja, ukaguzi kabla ya kuanza. Mtu mmoja asiyecheza siku hiyo aangalie glavu, bandeji za mikono na kinga ya meno ya kila mmoja. Kinga ya meno haiazimwi. Asiye nayo apige mfuko, aruke kamba, lakini hapigani.

Mbili, uzito na uzoefu. Kwenye mapambano ya timu ya buhurt mtu wa kilo 120 anaweza kumkuta wa kilo 70, na wao wana chuma mwilini. Wewe una singlendi. Mazoezi si mahali pa kumkomoa mgeni.

Tatu, neno moja litakalokubaliwa na wote. Liwe "Simama" na lisitumike kwa utani. Yeyote alisemaye anatiiwa: anayepigana, kocha, mtoto anayechungulia dirishani. Wafundisheni wapya neno hilo kabla ya jabu.

Nne, aliyepigwa akalewa hapigani tena siku hiyo, hata akilia machozi kuomba. Akae siku 30 bila kupigwa kichwa. Jina liandikwe kwenye daftari ili kocha asisahau na yeye asijisahaulishe.

Tano, tuache kumcheka anayeinua mkono. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haiuzwi dukani. Wale wa henzerani wameweza kuifanya kukubali pigo kuwa sifa na kulificha kuwa aibu. Sisi tumeweka kinyume chake, na vijana wetu wanalipia kwa vichwa vyao.

Kwa makocha wa mtaani, najua mnajitolea. Wengi hamlipwi hata nauli, na bila nyinyi vijana hawa wangekuwa vijiweni. Lakini kijana akikukabidhi kichwa chake saa kumi na moja jioni, mzazi wake anataka kukipokea kikiwa kizima saa moja usiku.

JIONI ILIYOFUATA

Nilipita tena kwa yule kinyozi siku mbili baadaye. Kijana wangu alikuwepo, uvimbe wa jicho umepungua, umebaki weusi tu. Mzee mmoja wa hapo mtaani akaingia na "Mbukwenyi!" yake, tukamwitikia, akakaa kusubiri zamu.

Kijana akaniambia amewasimulia wenzake habari ya lile neno. Wamecheka. Mmoja amemwambia hiyo ngumi ya kanisani.

"Sasa ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Jana nikamwona dogo mmoja anakula za uso, mikono imeshuka, macho hayapo. Nikasema simama."

"Wakasimama?"

"Mara ya kwanza hawakusimama, anko." Akashika lile jicho lake. "Nikaingia katikati. Mara ya pili wakasimama."

Yule mzee, ambaye nilidhani hasikilizi, akatikisa kichwa taratibu na kuuliza swali moja tu: "Na huyo dogo, leo mmemwona?"

Kijana akatoa simu mfukoni, akasimama mlangoni na kuanza kupiga.